Shanta la Baba Mkwe

Jua lilikuwa limeegemea vilele vya misonobari Lorne alipofika mwisho wa njia. Akatua shanta lake kando ya maji, akafuta paji la uso lisilo na jasho, akaanza kupiga mluzi. Alitaka mluzi umfikie baba mkwe wake huko nyuma msituni. Alitaka mzee ajue kwamba mkwe wake, yule muuza bima wa mjini, ametangulia.

Mimi ningekuwepo ningemzaba kofi. Shanta lile lilikuwa na mablanketi, soksi na mkate.

Ngoja niwaeleze vizuri. Huku kwetu kaskazini maziwa hayashikani. Ukifika mwisho wa ziwa unashuka mtumbwini, unabeba kila kitu mgongoni, unapita msitu na mawe hadi ziwa linalofuata. Kisha unarudi kuchukua mtumbwi wenyewe, unauvaa kichwani, unakuja nao. Ndiyo maana mwanamume wa huku haulizwi ana gari gani. Anaangaliwa amebeba nini. Na Lorne, tangu amuoe Kaarina, alikuwa akiangaliwa na kuonekana pungufu. Baba yake Kaarina, mzee Eino Rautio, hakuwa na ulimi mbaya hata kidogo, ila alikuwa na tabia moja: anamwangalia mtu mikono, halafu ananyamaza.

Kila mwaka kiangazi kikielekea ukingoni, mzee alikwenda kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki, mbali sana na barabara. Mwaka ule rafiki yake aliyezoea kupiga naye kafi alikuwa amefariki. Mzee akasema ataenda peke yake, na mtu asimwambie kitu. Kaarina akambembeleza amchukue mkwewe. Asubuhi ya safari akamvuta mumewe jikoni.

"Moyo wa baba si mzima," alimnong'oneza. "Daktari amemkataza vitu vizito. Ukimtajia atawaka moto, na safari ataenda peke yake. Wewe panga tu mizigo kimyakimya. Makopo, shoka, sufuria za chuma, tia kwenye shanta lako. Yeye mpe mablanketi. Mashanta yanafanana, hatajua."

"Usiwe na wasiwasi, mke wangu. Niachie mimi."

"Lorne. Nina baba mmoja tu."

"Nimesema niachie mimi."

Akamwachia yeye.

Mashanta kweli yalifanana. Marehemu mke wa mzee aliyashona mwenyewe kwa turubai la kijani, na kila moja alilitia ukanda mpana wa ngozi, wa kupitisha kwenye paji la uso ili shingo iusaidie mgongo. Lorne alipanga vitu kama alivyoagizwa, haki yake nampa. Lakini pale gatini, kabla ya kupanda mtumbwi, akalijaribu lile la makopo. Mgongo ukalia. Akajiona yuko nyuma, ulimi nje, na mzee anamngoja mbele, anamwangalia mikono, ananyamaza. Basi bila hata kukaa na kuamua sawasawa, mikono ikasogeza shanta la makopo upande wa mzee.

"Hili lako, baba mkwe. Jepesi."

Mzee aliliinua kidogo. Akatulia nalo mkononi. Akamtazama mkwewe.

"Ahsante, kijana," alisema, akalivaa.

Siku nzima walivuka hivyo. Ziwa, njia, ziwa, njia. Mzee alibeba bila neno, akiwa mweupe midomoni, na Lorne alimwangalia mara moja tu. Baada ya hapo akaona ni afadhali atangulie, asimwone. Alijiambia njia ijayo watabadilishana. Njia ijayo ikafika, akasema ile ya mwisho. Kila alipotaka kufungua kinywa alikutana na swali moja: angesema nini? Samahani mzee, nimekosea mashanta? Tangu asubuhi?

Jioni wakafika kwenye njia ya mwisho, ndefu kuliko zote. Mwanzoni mwake pana jiwe bapa. Mzee alitua mzigo pale, akakaa, akahema kwa muda mrefu.

"Hapa tunapima," alisema.

"Tunapima nini?"

"Wewe unainua langu, mimi nainua lako. Kisha kila mmoja anasema kwa sauti alichokiona. Zito, jepesi, basi. Ndiyo desturi ya njia hii."

"Ya nini sasa?"

Mzee alipangusa usubi shingoni. "Zamani za biashara ya manyoya walipita hapa wabebaji. Kuna mmoja wenzake walimjazia shanta vyuma, wao wakabeba ngozi za wanyama. Wakamwambia mizigo yote sawa. Akaanguka katikati ya njia, mshipa wa ngiri ukamkaba. Wakamwacha na mzigo juu yake." Alisugua lile jiwe kwa kiganja. "Wazee walisema msipopima wenyewe, anakuja yeye kupima. Walimwita Mpimaji."

Akanyoosha mkono kuelekea shanta la Lorne.

Lorne akalivuta shanta lake karibu. Akacheka, cheko la kulazimisha.

"Baba mkwe, acha hizo! Mtu mzima na akili zako unaamini mizimu? Jua hilo linazama, na hawa usubi watatumaliza. Twende bwana!"

Akaruka jiwe, akaondoka haraka. Kwenye kona aligeuka. Mzee alikuwa amekaa vilevile, mkono bado umenyooka hewani.

Ndiyo hapo sasa tuliposimama. Lorne yuko mwisho wa njia, anapiga mluzi. Mluzi ukakauka wenyewe. Mzee haonekani. Ilimbidi arudi kuchukua mtumbwi kwa vyovyote, kwa hiyo akaacha shanta lake ufukweni, akaingia tena msituni, akijisemea kwamba atakutana na mzee kwenye ile kona, au ile nyingine.

Chini ya misonobari giza lilikuwa limeshawahi kuingia. Upepo hakuna. Hata usubi walikuwa wametoweka, na hilo ndilo lililomshtua kwanza, maana usubi wa huku hawamwachi mtu bila sababu.

Halafu akasikia.

Kwiii... kwiii...

Ngozi. Ukanda wa ngozi unaolia chini ya mzigo, hatua kwa hatua.

"Baba mkwe?"

Kwiii... kwiii...

Harufu ikatangulia. Turubai bichi, utomvu, tumbaku ya kutafuna, na jasho la zamani sana, lile linalobaki kwenye nguo ya mtu aliyekwisha kufa. Kisha akaona mtu anakuja, amepinda, ukanda kwenye paji, uso umeelekea chini kabisa. Mgongoni ana shanta linalochuruzika maji. Mwenye mzigo hupishwa njia, hata mtoto wa huku anajua. Lorne akasogea pembeni.

Mtu yule alipofika usawa wake, akasimama.

Hakuinua uso.

"Zito?" alinong'ona.

"Nini?"

"Ulilotua ufukweni. Zito?"

Lorne alitazama nyuma, kisha mbele. Angeweza kusema kweli. Palikuwa na nani wa kumsikia? Lakini siku nzima alikuwa ameuzoea uongo ule, ukatoka wenyewe.

"Zito," alisema. "Zito sana."

"Na la mzee?"

"Je... jepesi."

Yule mtu akashusha pumzi, kwa uchovu, kama aliyeongezewa mzigo mwingine. Magoti yakampinda. Ngozi ikalia kwa muda mrefu.

"Haya," alinong'ona.

Akageuka. Hakuendelea kuelekea majini. Alirudi alikotoka, kule aliko mzee. Hatua zake hazikusikika, ila pale alipokanyaga ardhi ilididimia, na mashimo yale yakajaa maji meusi, kina cha goti la mtu.

Lorne alikimbia. Sijui kama alimpita yule mtu au yule mtu hakuwepo tena, mwenyewe hajui. Alimkuta mzee katikati ya njia, amelala kifudifudi, shanta juu yake, ukanda bado umembana paji. Midomo ya bluu. Vidole vinakwaruza udongo.

"Nitoe..." mzee alisema. "Kijana... nitoe."

Lorne akalishika shanta. Halikusogea. Akapiga magoti, akavuta kwa nguvu zote, akalia, akatukana. Makopo gani haya? Lilikuwa limeota mizizi. Akajaribu kuuvua ukanda, vidole havikupata pa kupenya.

Nyuma ya sikio lake...

Kwiii.

Harufu ya tumbaku.

Akainamisha kichwa, akanong'ona, sauti ndogo ambayo hata mzee pale chini asingeisikia. "La mzee ndilo zito. Nilijua. Nilijua tangu gatini."

Shanta likamjia mikononi jepesi hata akaanguka nalo chali.

Alitoa vidonge vya moyo mfukoni mwa mzee, akampa. Alimkalisha. Alimfunika kwa koti lake. Kisha akalibeba shanta la makopo mwenyewe hadi ufukweni, akarudi akamshika mzee mkono hadi ufukweni, akarudi akavaa mtumbwi. Mgongo wake ulikuwa unakatika na yeye aliushukuru kwa kukatika. Kibandani akawasha moto, akachemsha kahawa, akakaa mbali na mwanga.

"Ulikuwa na nani kule njiani?" mzee aliuliza.

"Peke yangu."

"Nilisikia kanda mbili zinalia."

Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema. Wako wawili tu, moto unawaka, mzee anamtazama bila hasira. Mwanamume mzima akainuka, akasema anakwenda kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Hawakuvua hata samaki mmoja. Walirudi, na kurudi kote Lorne alibeba zito, tena mbele ya macho ya mzee, na kwenye lile jiwe bapa alipita haraka zaidi kuliko mara ya kwanza. Alijipa moyo kwamba deni limelipwa. Alinong'ona, akaachiwa. Kilichobaki ni kunyamaza.

Kaarina aliwapokea jikoni kwa meza iliyojaa: supu ya samaki na viazi, mkate mtamu wa iliki, kahawa. Alimwona baba yake alivyopauka akashika kifua chake mwenyewe. Mzee alisema amechoka tu, na kwamba kizunguzungu kidogo kilimpata njiani, basi. Kaarina akamzunguka mumewe kwa mikono miwili, palepale mbele ya baba yake, machozi yanamtoka.

"Sasa naweza kusema," alisema. "Baba, usinikasirikie. Nilimwomba Lorne abebe vitu vizito vyote yeye, kwa siri. Daktari alisema mzigo ungekuua. Hebu muone mgongo wake, hata kukaa hawezi." Akambusu mumewe shavuni. "Ulibeba, si ndiyo? Umeniokolea baba yangu."

Mzee Eino alitazama supu yake.

Lorne alitamani ardhi ipasuke. Mikono ya mkewe ilikuwa shingoni mwake, ya moto, inamshukuru. Hajawahi kushukuriwa hivyo katika nyumba ile. Akafungua kinywa.

"Nilibeba," alisema.

Ukumbini, mahali walipotundika mashanta mawili matupu, ngozi ikalia.

Kwiii...

Harufu ya turubai bichi ikaifunika ile ya iliki.

Kijiko kilimponyoka mzee. Shingo yake ikaanza kuinama, polepole, inavutwa kutoka nyuma. Kidevu kikagusa kifua. Kwenye paji la uso lake ukatokea mstari mwekundu, mpana, upana wa ukanda. Ukazama ndani ya ngozi.

"Baba! Baba! Vidonge viko wapi? Lorne, vidonge!"

Lorne aliinamisha kichwa kama kule msituni, akanong'ona haraka. "La mzee ndilo lililokuwa zito... la mzee ndilo..."

Shingo haikuachiwa.

Akanong'ona tena. Mzee alikoroma. Na hapo ndipo Lorne alipokumbuka maneno ya jiweni. Kila mmoja anasema kwa sauti.

Kwa sauti.

Alimtazama mkewe aliyekuwa anamwaga vidonge mezani. Nawaambieni kweli, alisita. Mzee anakufa mbele yake, na bado alisita, na hilo ndilo linalomtafuna kuliko mengine yote.

"Kaarina," alisema. "Sikubeba."

"Nini? Nishikie kichwa chake!"

"Sikubeba! Nilimbebesha yeye!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na sisi majirani tulisikia kila neno. "Makopo, shoka, sufuria, vyote nilimpa yeye! Mimi nilibeba mablanketi! Sikutaka anione mnyonge. Aliangukia njiani mzigo ukiwa juu yake, na mimi nilikuwa mbele napiga mluzi!"

Kichwa cha mzee kikapanda taratibu. Akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akashika ukingo wa meza. Mstari kwenye paji ukafifia.

Kaarina alimwekea baba yake kidonge chini ya ulimi. Akampangusa uso. Alifanya yote hayo bila haraka. Kisha akageuka kwa mumewe. Hakumtukana, hakulia. Alimwangalia mikono.

Akanyamaza.

"Nilijua," mzee alisema, sauti imechakaa. "Pale gatini nililiinua nikajua."

"Sasa mbona hukusema, baba mkwe?" Lorne alikuwa analia wazi sasa. "Si ungesema tu!"

"Ningekuaibisha. Wewe ni mume wa mwanangu." Mzee alifumba macho. "Nilikupeleka jiweni useme mwenyewe. Nilinyoosha mkono, ukaruka."

Mwishowe Kaarina akasema, bila kumtazama mtu, kwamba yale mashanta yatolewe ndani, yapelekwe bandani, hataki kuyaona. Akatoka mwenyewe ukumbini. Moja alilitoa kwenye msumari kwa mkono mmoja. La pili lilikuwa sakafuni, ukanda wake umelowa. Akalivuta. Akalivuta tena kwa mikono miwili.

"Kuna nini humu?"

"Hakuna kitu," alisema Lorne. "Nimeyamwaga yote mawili."

Kaarina aliliachia, akarudi jikoni kwa baba yake, akafunga mlango.

Lorne akabaki peke yake na shanta tupu. Alichuchumaa. Akaupitisha ukanda kwenye paji lake, akaweka mikono magotini, akainuka. Lilimzidi. Lilimkunja shingo mpaka akawa haoni kitu ila mbao za sakafu na ncha za viatu vyake. Akapiga hatua moja. Ngozi ikalia. Akapiga ya pili.

"Zito?" iliulizwa pembeni yake, kwa mnong'ono.

Alidhani ni mzee, amemfuata kumhurumia. Machozi yakamdondoka kwenye mbao.

"Zito, baba mkwe," alisema kwa sauti. "Zito sana."

Kutoka jikoni, nyuma ya mlango uliofungwa, mzee Eino akaita: "Unaongea na nani huko?"

Lorne hakuweza kuinua uso. Aliona tu mbao kando ya viatu vyake zikididimia, mahali pawili, umbali wa hatua ya mtu, na mashimo yale yakijaa maji meusi.

Mzee bado yu hai, na kiangazi kilichofuata alikwenda ziwani tena. Kaarina alitoa mizigo barazani, akainua kila shanta, akataja uzito wake kwa sauti, mtaa mzima ukisikia, na Lorne akasimama pale akipokea lake. Siku hizi anatembea ameinama, macho chini, hata akiwa mikono mitupu. Watu wanasema ni aibu ya lile alilomtendea baba mkwe wake. Ni kweli, ni aibu. Lakini mimi nakaa nyumba ya pili, na kila jioni akipita dirishani kwangu kutoka kazini, nasikia ngozi inalia.